Magome ya Mkupuo wa Kumi na Saba

Niseme mapema: magome sikuyapenda. Watu wakisikia nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha mbao hapa Dodoma, wanadhani nina mapenzi na miti. Sina. Nilikuwa karani wa vipimo. Kazi yangu ilikuwa kukata kipande cha ubao, kukipima unene, kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kukiacha mpaka kesho yake, kukitoa na kukipima tena ili nijue kimevimba kiasi gani. Basi, ndiyo kazi yenyewe. Jioni mama alikuwa akiniuliza, "Leo mmefanya nini huko?" Namjibu, "Nimeloweka." Ananiambia, "Hata mimi nimeloweka, choroko."

Kiwanda kilikuwa kidogo, mali ya umma, na kilitengeneza mbao za maranda. Mabaki ya magogo yanasagwa, yanachanganywa na gundi, yanabanwa kwenye mashine yenye moto mkali, unatoka ubao bapa wa kutengenezea makabati na dari za ofisi. Magogo yalitoka mbali kwa malori, maana kwetu Dodoma ukiona mti ulionyooka ujue kuna mtu kaupanda. Yakifika, yanabambuliwa. Gome halikuwa na kazi. Linafanya ubao kuwa mweusi na unaomeguka, kwa hiyo lilitupwa nyuma ya kiwanda. Miaka ishirini ya kutupa magome ilitupatia kilima. Mbuzi wa majirani walipanda juu kuangalia mji.

Ikaja miaka ya ruksa. Madukani zikaingia mbao za nje, nyeupe, laini, zinang'aa mpaka unajiona uso. Wateja wetu wakahama wote, hata zile ofisi zilizokuwa zikituandikia barua za kutusihi. Magogo yakaacha kuja. Tukaendelea kwenda kazini, tunasaini daftari, tunakaa. Mimi niliendelea kujaza maji kwenye ndoo kila asubuhi ingawa sikuwa na cha kuloweka, kwa sababu mtu ukikaa bure ofisini unaanza kugombana na wenzako.

Halafu tukaitwa mkutanoni tukaambiwa kiwanda kitauzwa. Mwekezaji atakuja kuangalia. Akikuta kiwanda kina bidhaa, atakichukua na wafanyakazi wake, na nyumba za kiwanda zitabaki kwa wanaokaa humo. Akikuta hakina bidhaa, yatauzwa majengo, na kila mtu ataondoka kivyake.

Hapo ndipo nilipomwaza mama. Nyumba tuliyokuwa tunakaa Makole, mimi na mama, ilikuwa ya kiwanda. Vyumba viwili, jiko la nje, choo chetu wenyewe. Baba aliipata alipokuwa fundi wa mashine ya kubana. Alipofariki, kiwanda kiliniajiri mimi, na siri yenyewe ni kwamba niliomba kazi ili mama asitolewe. Mama alikuwa amepanda mzabibu uani ukatambaa mpaka juu ya jiko, na alikuwa akikaa chini ya ule mzabibu kila mchana anachambua mboga. Alishazeeka. Sikuweza kumwazia akiwa sehemu nyingine. Kwa hiyo ieleweke: magome sikuyapenda, ila nililazimika kushikamana nayo kwa sababu ya mzabibu wa mama.

Meneja wetu alikuwa mtu mzuri, tatizo lake ni kwamba akishaandika barua, basi. Barua kwake ilikuwa kama jiwe lililotoka mkononi, halirudi. Siku moja alitoka nje kujinyoosha, akatazama kile kilima cha magome, akawatazama mbuzi, akarudi ndani akamwandikia barua mkubwa wake kwamba kiwanda kimebuni prodakti mpya: ubao wa magome asilia, mia kwa mia. Barua ilipoondoka ndipo akatuita kutuuliza kama jambo lenyewe linawezekana.

"Haliwezekani," nikasema.

"Dada, wewe kazi yako ni kupima," akanijibu. "Kuwezekana ni kazi yangu."

Tukaanza. Mkupuo wa kwanza wa mbao ulitoka kwenye mashine tukaunyanyua, ukakatika wenyewe. Wa pili ulikuwa imara kidogo, nikaloweka kipande. Kesho yake nikakuta ndoo imejaa uji. Wa tatu ulivimba kama andazi. Mikupuo ikawa sita, ikawa kumi, ikawa kumi na mbili, kila mmoja nimeuandika kwenye daftari la vipimo kwa mwandiko mzuri: umevimba, umevimba sana, umeyeyuka. Meneja alikuwa akilisoma lile daftari amesimama, anatikisa kichwa, anasema, "Tunakaribia."

Kilima nacho kikawa kinaisha. Magome ya zamani yalishageuka udongo, ukiyasaga unapata vumbi tu, na upepo wetu wa Dodoma unaujua. Meneja akapeleka tangazo vijijini, mpaka Chamwino, mpaka kule Kondoa na Chemba, kwamba kiwanda kinapokea magome ya aina yoyote. Nakwambia tuliona mambo. Alikuja mama mmoja na furushi la magome ya mwarobaini, akataka kujua tunawachemshia wagonjwa saa ngapi. Nikamweleza kwamba tunatengeneza mbao. Akanitazama kwa huruma, akasema hata ukichemsha ubao wa mwarobaini, homa inashuka, tusikate tamaa.

Mwishoni likaja lori kutoka upande wa Chemba limejaa magome makubwa ya myombo, mengine yamejikunja kama mabomba. Fundi akayasukumia yote kwenye mashine ya kusagia. Ile mashine visu vyake vilishachoka na vipuri havikuwepo, kwa hiyo haikusaga, ilitafuna tu. Vilibaki vipande vikubwa vikubwa, vingine vya ukubwa wa kiganja. Tukavibana hivyo hivyo. Ndio ukawa mkupuo wa kumi na saba, mbao sita. Siku hiyo kiwanda kizima kilinukia vizuri. Nilijiuliza ni harufu ya nini, nikahisi njaa tu.

Nikakata kipande, nikapima, nikaloweka. Kesho yake nikakitoa, nikakishika kwa kile kipimo cha chuma chenye taya, tulikuwa tunakiita venia. Nikapima mara ya kwanza. Nikafuta taya za venia kwa kitenge changu nikapima tena. Unene ulikuwa ule ule wa jana. Maji yalikuwa yamejikusanya juu yake matone matone, hayaingii. Nikakirudisha ndooni nikakiacha siku tatu. Hakikuvimba hata nywele moja.

Sijui nilifikaje ofisini kwa meneja. Nilimwekea kile kipande mezani, juu ya karatasi zake, kinachuruzika maji. Alikishika kwa mikono miwili. Akaniambia, "Si nilikwambia tunakaribia?" Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtukana, yote mawili kwa pamoja.

Kabla mbao hazijatumika, kama ilivyo kazi yangu, nikaandika dosari za uso kwenye daftari. Ubao wa pili ulikuwa na kipande kimoja kikubwa cha gome kilichojitokeza, kimechongwa mikato mitatu na duara moja. Nikaandika hivyo hivyo: dosari, mikato mitatu, duara moja.

Meneja akaamuru mbao zitumike kutengeneza ukuta wa kugawa ofisi yake, ili mwekezaji akija aone bidhaa imesimama. Mbao mbili upande huu, mbili upande ule, katikati uwazi wa shubiri moja. Mbili zilizobaki ziliwekwa stoo, moja yao ndiyo nilikuwa nikiikata vipande vya vipimo. Ukuta ulipendeza, siwezi kusema uongo. Ulikuwa mweusimweusi na wenye madoa, ukiugusa una utelezi kidogo.

Baada ya wiki mbili wakaja nyuki. Wa kwanza walikuwa watatu wanne, wanapita dirishani, wanatembea ukutani kama wapangaji wanaokagua chumba. Siku ya pili wakaja wengi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, likaja kundi zima, anga likaingia giza dirishani, meneja akatoka mbio kiatu kimoja kimebaki ndani. Walipotulia tukachungulia: wameingia kwenye uwazi wa ukuta, wanapita kwenye tundu la msumari ambao fundi alikosea kuupiga. Ukiweka sikio unasikia ukuta unavuma.

Mtu yeyote mwenye akili angepuliza dawa. Meneja akakataa. Alisema dawa itaubadilisha rangi ubao, na ubao ni ushahidi. Basi akahamishia meza yake upande wa pili, akawa anafanya kazi amejifunga taulo kichwani, anapokea simu kwa kunong'ona. Wenzetu Waislamu waliosoma kidogo wakasema nyuki ni viumbe waliotajwa kwa heshima. Wakristo wakasema hata kwao. Jambo likaishia hapo, tukawa tunaishi nao.

Wakaja wathamini, vijana watatu wenye ndoo ya rangi nyekundu na brashi, wa kuorodhesha mali za kiwanda kabla ya kuuza. Kila walichokiona walikipa namba. Mashine, viti, ndoo yangu. Walienda mpaka Makole wakaandika namba kwenye milango ya nyumba. Yetu ikawa 31. Mama aliwakaribisha chai. Aliponisimulia jioni alisema wameandika vizuri, namba imenyooka. Mimi nilisukuma sahani pembeni.

Kwenye ukuta wa meneja walisita. Waliandika 58 kwa haraka, rangi ikamwagikia chini, wakatoka nje kubishana. Mmoja alitaka kujua nyuki wanaandikwa kwenye mali inayohamishika au isiyohamishika. Mwenzake akasema wanahama, wameonekana wakihama. Wa tatu akasema lakini ukuta hauhami, na wao wako ukutani. Walikaa kwenye kivuli cha lori mpaka mchana. Mwishowe wakaandika, "Ukuta mmoja, unaotumika."

Siku kumi baadaye akaingia getini mwanamume mmoja na baiskeli. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, amevaa koti la mtumba la mikono mirefu kuliko mikono yake, na uso wa mtu aliyeudhiwa njia nzima. Alikuja na mwenzake, na wakiongea wawili wao walikuwa wanaongea ile lugha yao yenye kualika ulimi kaakaani kama kijiti kinachovunjika, hatukuambulia kitu. Kwetu aliongea Kiswahili, taratibu, kila neno analiweka.

"Nimefuata mizinga yangu," akasema.

Tukamwambia hapa ni kiwanda cha mbao. Akasema anajua, hakuuliza hapa ni wapi. Mkwe wake, mtu ambaye alimtaja kwa kutazama pembeni, alikuwa amepakia kwenye lori letu mizinga sita ya magome iliyokuwa imeshushwa mitini ili ikarabatiwe. Aliona magome, hakuona mizinga. Yule bwana alikuwa ameliulizia lori kijiji kwa kijiji mpaka kwetu. Akiwa bado anaeleza akanyamaza, akainua kichwa, akasikiliza. Akaingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi, akachuchumaa mbele ya ukuta katikati ya nyuki wote wale, akapitisha kidole kwenye ubao.

"Huu hapa," akasema. "Hujambo?" Hakuwa akituambia sisi.

Mikato mitatu na duara. Ilikuwa alama yake, na ya baba yake kabla yake. Kwao kila mfuga nyuki ana alama anayoichonga kwenye mzinga, na ukishautundika msituni hata ukikaa miaka, mtu mwingine hagusi. Nyuki wakiingia humo ni wako. Haijalishi mti ni wa nani, haijalishi nyuki wametoka wapi. Sasa hapa mzinga ulikuwa umesagwa, umechanganywa na gundi, umebanwa kwa moto, umesimamishwa na kupewa namba ya serikali, lakini alama ilikuwa inaonekana na nyuki walikuwa ndani. Kwake yeye hakukuwa na mjadala. Alishangaa tu umbo.

Meneja akaniita na daftari. Nikasoma nilichoandika: dosari, mikato mitatu, duara moja, ubao wa pili. Yule bwana akaomba nirudie. Nikarudia. Uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza, akaniambia, "Ahsante binti kwa kuitunza." Hajui nilikuwa nimeiandika kwenye safu ya makosa.

Meneja akamtaka aandike madai yake. Akaandikiwa na karani wa ofisi, akasaini kwa kuchora mikato mitatu na duara. Meneja akaishika ile barua karibu na ukuta, akatazama saini, akatazama ubao, nikaona kabisa kwamba ameshindwa. Kwake barua ni barua. Akajibu kwa maandishi kwamba suala linashughulikiwa.

Mimi nilimsindikiza yule bwana mpaka getini kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanikera. Nikamwamkia, maana pale ndani tulisahau hata kusalimiana. "Shikamoo."

"Marahaba."

Nikamuuliza ndani ya mizinga yake huwa kuna nini. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza ndani ya kisima kuna nini. Akasema asali, nta. Mzinga mpya anaupaka nta ili nyuki waupende, na wa zamani unainywa nta mwaka hadi mwaka mpaka gome lenyewe linakuwa nta. Ndiyo maana mvua haiuozeshi.

Nikasimama pale getini kama mjinga. Harufu ile. Ule utelezi. Mkupuo wa kumi na nane, wa kumi na tisa na wa ishirini yote ilikuwa imevimba kama kawaida, na sisi tumekaa tunalaumu gundi.

Nikarudi mbio. "Bosi, ni nta," nikamwambia. "Tukichanganya nta kidogo kwenye magome, ubao hauvimbi. Nta ipo Kondoa tele. Bidhaa tunayo."

Akavua taulo kichwani. Alifikiri sana, nikaona anafikiri kweli. Halafu akasema, "Tumeandika magome asilia, mia kwa mia."

"Basi tuandike upya."

"Barua imeshaondoka, dada."

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mkubwa wangu na sitayarudia hapa. Alivaa taulo lake. Nilienda stoo nikalia juu ya ubao wa sita, machozi yakajikusanya matone matone, hayaingii. Hata kulia sikuweza kwa amani, nikawa napima.

Siku ya mwekezaji ikafika. Tulifagia, tulimwagia maji vumbi la uwanja, fundi alivaa tai. Nilikuwa nimeloweka kipande cha mkupuo wa kumi na saba tangu wiki iliyopita, nikakibeba ndani ya ndoo yake mpaka mlangoni, venia mfukoni. Nilikuwa nimeamua: meneja aseme asilia yake, mimi nitasema nta. Mama asubuhi ile alinifunga kitenge kipya akaniambia niongee kwa adabu. Hakuniambia habari ya nyumba. Hakuwahi kuniambia habari ya nyumba hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa inaniua.

Mwekezaji alishuka kwenye gari, mtu mpole, anatabasamu. Meneja akaanza hotuba. Hajamaliza salamu, tukaona moshi unatoka kwenye dirisha la ofisi yake. Tukajua kunawaka moto. Kumbe yule bwana wa Chemba alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na mwenzake, wana vijinga vya moto vya kufukizia nyuki na karai. Alituma taarifa ya maandishi wiki mbili kabla kwamba siku hiyo atakuja kurina, asali imeiva. Ilikuwa kwenye faili. Suala lilikuwa linashughulikiwa.

Nyuki wakatoka. Wale wathamini, waliorudi siku hiyo na orodha yao, wakaingia chini ya lori. Fundi alijimwagia ndoo, tai na yote, tena ndoo yangu. Kipande changu kikaanguka vumbini nikakiokota. Mwekezaji alikuwa ameshajifungia kwenye gari, vioo juu. Nikaona nyumba yetu inaondoka hivi hivi. Nikajifunika kitenge kichwani, nikaenda mpaka kwenye gari, nyuki wamenikaa mabegani, nikabandika ubao kwenye kioo. Nikashika venia nikapima mbele ya macho yake. Nikapaza sauti ili asikie: "Siku saba majini. Haujavimba hata nywele moja."

Alinitazama. Akashusha kioo upana wa kidole.

"Dada yangu," akasema kwa upole kabisa, "mimi hapa nataka nafasi tu. Ghala. Bidhaa ninazo za kwangu."

Nyuki mmoja akapita kwenye ule upana wa kidole. Gari likaondoka.

Nilibaki nimesimama na ubao. Nilikuwa nimeumwa sehemu tatu na sikusikia hata moja. Meneja akaja akasimama karibu yangu, akasema taratibu kwamba huenda mwekezaji hakupata muda wa kusoma barua. Sikuwa na hasira naye tena, zilikuwa zimeisha zote. Yule mfuga nyuki akatoka na karai limejaa masega, akaliweka kwenye ngazi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kufanya, tulikaa tukala asali: meneja, fundi aliyelowa, wathamini waliotoka uvunguni mwa lori. Ilikuwa tamu sana. Niliona haya kwamba ilikuwa tamu.

Yule bwana akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia habari ya nyumba ya Makole, baba, mama, mzabibu. Alisikiliza huku anatafuna nta.

"Ina alama?" akauliza.

"Ina namba. Thelathini na moja."

"Nani kaiandika?"

Nikawaonyesha wathamini kwa kidole.

Alitema nta yake, akaiviringisha, akaiweka mfukoni mwa koti. "Basi ni yao," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Mwezi uliofuata tukatoka. Ule ukuta mfuga nyuki aliubeba ubao mmoja mmoja kwenye baiskeli, na hakuna aliyemzuia kwa sababu mwenye ghala alitaka ubomolewe. Waliopita Chemba wananiambia ukuta wa ofisi ya meneja unaning'inia kwenye myombo, namba 58 bado inasomeka, na nyuki wamo. Barua ya serikali ya kuuulizia ukuta ilikuja mara mbili. Zile mbao mbili za stoo alisema nazo ni mizinga yake; ule niliokwisha kuukatakata akaupakia, ule mzima akanipa. "Huu weka mlango," akaniambia.

Tukajenga chumba kimoja Mkonze, cha tofali za udongo, na mlango ukawa ubao wa mkupuo wa kumi na saba. Mama alichukua kijiti cha mzabibu akakipanda kwenye kopo. Siku tuliyohamia alikaa kizingitini akaomba kisu. Nikadhani anataka kukata mboga. Akaanza kuchonga mlangoni, polepole, ulimi nje, na nilipochungulia nikakuta ameandika 31. Nikamwambia mama, hiyo ni namba ya wale watu. Akasema hajui nyingine. Mpaka leo wageni wanauliza nyumba thelathini za mwanzo ziko wapi.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, ile ya upepo, ikaupiga mlango uso kwa uso. Nilikuwa nimeondoka kiwandani na venia mfukoni. Haikuwa imepakwa namba. Nikaufungua mlango nikiwa nalowa, nikapima ukingo, nikaifuta, nikapima tena.

"Haujavimba," nikamwambia mama.

"Vizuri," akasema. "Sasa ufunge, tunalowa."